Mavazi na mzigo wa kutembea Appalachian Trail yote: nichukue nini, niache nini?

BintiPangani:

Assalaam aleikum, na habari zenu ndugu zangu.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani, nina miaka 36, na huu ni mwaka wangu wa tisa hapa Columbus, Ohio. Mwakani, Mwenyezi Mungu akijaalia, nimekusudia kutembea Appalachian Trail yote kwa safari moja, kuanzia Springer Mountain katika jimbo la Georgia hadi Katahdin katika jimbo la Maine, umbali wa takriban kilomita 3,500 unaopita katika majimbo 14. Nitaanza wiki ya kwanza ya Aprili na ninatarajia kumaliza kabla ya Septemba kwisha. Ruhusa ya kazini nimekwisha kuipata na fedha nimeziweka. Kinachonisumbua sasa ni mavazi na mzigo.

Nimewahi kupanda mlima mrefu, ila sijawahi kujibebea. Mwaka 2018 nilipanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, na siku zote zile mgongoni mwangu palikuwa na maji, koti na chakula cha mchana tu, na kila jioni nilikuta hema limekwisha kusimamishwa na maji ya moto yakiningoja. Hapa Ohio nimezoea matembezi ya siku moja katika Hocking Hills, kwenye njia iliyopewa jina la Emma Gatewood, bibi wa hapa hapa Ohio ambaye mwaka 1955, akiwa na miaka 67 na watoto 11 aliokwisha kuwalea, alitembea Appalachian Trail nzima peke yake, miguuni akivaa raba na begani akibeba mfuko aliojishonea mwenyewe. Yeye ndiye aliyenitia hamu ya safari hii.

Mwezi uliopita nilikwenda kujaribu siku tatu katika msitu wa Zaleski. Mzigo wangu ulikuwa na kilo 17 pamoja na chakula na maji. Nilivaa taiti za pamba, shati refu la pamba linalofika magotini, mtandio wa pamba, na buti nzito ambazo muuzaji wa duka moja alinihakikishia kwamba bila hizo safari ndefu haiwezekani. Siku ya pili mvua ilinyesha saa tano mfululizo. Jioni kila nilichovaa kilikuwa kinachuruzika maji, mtandio ulikuwa umening'ang'ania shingoni, buti zilikuwa zimejaa, na ingawa hewa ilikuwa nyuzijoto 9 tu, wala si baridi ya kutisha, nilitetemeka kiasi kwamba vidole vilishindwa kuwasha jiko. Nililala bila kula, nikiwa nimevaa nguo mbichi, na niliogopa kwelikweli.

Kwa hiyo naomba msaada wenu. Mimi huvaa hijabu na sina nia ya kuiacha. Je, mwanamke anaweza kujistiri ipasavyo kwa miezi sita njiani bila stara yake kugeuka mzigo wa pili? Niwe na nguo ngapi kwa jumla, na za kitambaa gani? Begi zima, bila chakula na maji, lishuke hadi kilo ngapi? Na lipo swali dogo ambalo kwangu si dogo: kanga. Tangu nilipokuwa msichana sijawahi kusafiri bila kanga, na rafiki zangu wa matembezi wananisihi niiache kwa kuwa ni pamba.


MtembeziKapsabet:

Dada BintiPangani, salamu nimezipokea. Nilitembea njia hiyo kutoka kusini kwenda kaskazini mwaka 2022 kwa siku 168, na mengi nitakayokuambia niliyajua kwa kuyakosea kwanza.

Kabla ya kuhesabu nguo, zigawe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni nguo za kutembelea, ambazo umekwisha kukubali kwamba zitalowa kwa mvua au kwa jasho. Fungu la pili ni nguo za kulalia, ambazo hazitatembea hata hatua moja wala hazitatoka ndani ya mfuko wake wa plastiki mpaka uwe ndani ya hema. Asubuhi ya nyuzijoto 3 utavua soksi kavu, zenye joto, na kuvaa zile zilizolowa jana, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea: wanauonea mwili huruma, wanavaa zile kavu, kufika saa sita mchana zote zimelowa, na usiku unapoingia hawana tena cha kuwaokoa. Nguo za jana zikishavaliwa, baada ya dakika 15 za kupanda kilima hutazihisi tena.

Kilichokupata Zaleski ndicho kinachodhuru watu wengi zaidi milimani, tena katika hali ya hewa ambayo mtu akiwa mjini angeiita ya kawaida: mvua, upepo, na nyuzijoto 5 hadi 10. Pamba hunywa maji hadi ndani ya nyuzi zenyewe na kuyashikilia karibu na ngozi, kisha mwili unatumia joto lake lote ukijaribu kuyakausha. Poliesta na nailoni hunywa maji kidogo sana, ukizikamua na kuzivaa hukauka mwilini. Sufu nyembamba ya merino nayo hunywa maji, lakini hubaki na joto hata ikiwa mbichi na haichukui harufu haraka, jambo ambalo utalithamini kwenye siku ya tano bila kuoga. Kwa hiyo usiingize pamba kwenye begi lako, hata soksi, hata nguo za ndani.

Nilichokuwa nacho mimi, nikikitafsiri kwa mahitaji yako, ni hiki. Mwilini: shati refu jepesi, suruali nyepesi, soksi za sufu, mtandio mmoja. Begini, kwa ajili ya mchana: sweta jembamba la flisi, koti la mvua, sketi ya mvua, glovu nyembamba, na jozi moja ya soksi za kubadilisha. Sketi ya mvua ina uzito wa gramu 80 hadi 100 hivi, inaruhusu hewa kupita chini, na watembezi wengi, wanaume kwa wanawake, wanaipenda kuliko suruali ya mvua. Kwa ajili ya kambini na usiku: koti lililojazwa manyoya, shati na taiti za merino za kulalia, soksi nene moja, na mtandio wa pili ambao ni wa kulalia tu. Hakuna kingine. Nguo ya tatu ya kutembelea ni uzito unaobebwa kwa miezi sita ili ivaliwe siku chache sana.

Kuhusu koti la mvua, usinunue kwa kuamini kwamba litakuweka mkavu siku nzima. Lile linalosifiwa kwamba linapumua hupumua likiwa jipya. Mikanda ya begi ikishalisugua mabegani, maji hupenya, na hata yasipopenya utalowa kwa jasho lako mwenyewe. Kazi yake ya kweli ni kuuzuia upepo na kuyafanya yale maji yaliyomo ndani yabaki na joto. Chagua lenye zipu chini ya kwapa, na kofia yake ijaribu ukiwa umevaa mtandio, kwa sababu kofia nyingi hazina nafasi hiyo.

Njia hii haina msimu mmoja. Aprili unaweza kukutana na theluji katika milima ya Great Smoky, ambako ndiko kwenye kilele kirefu kuliko vyote vya njia, Kuwohi, chenye mita 2,025. Ukishavuka nyanda za Grayson Highlands na Mount Rogers huko Virginia, kilomita kama 800 kutoka mwanzo, wengi hutuma nyumbani kwa posta koti zito, glovu na mfuko wa kulalia wa baridi, na kuendelea na vyepesi, kwa kuwa kuanzia hapo hadi New England kinachokuja ni joto, unyevu na mbu. Lakini ni lazima vitu hivyo uvipate tena kabla ya White Mountains za New Hampshire. Pale juu ya mstari wa miti, yaani mahali ambapo miti haioti tena, kwenye Mount Washington yenye mita 1,917, ndipo mwaka 1934 ulipopimwa upepo wa kilomita 372 kwa saa, na hata mwezi wa Agosti nimepita hapo nikiwa nimevaa kila kitu nilichokuwa nacho. Mpange mtu nyumbani atakayekutumia kifurushi hicho, naye ajue tarehe.

Buti ziache. Ngozi nene haizuii maji siku nzima, na ikishaingiza maji haikauki kwa siku tatu. Raba za mbio za porini hulowa upesi na kukauka upesi, na kila gramu inayopungua mguuni unaihisi katika kila hatua. Nunua kubwa kuliko saizi yako kwa nusu au hata nambari nzima, kwa sababu miguu huvimba na kutanuka. Mimi nilimaliza jozi tano, kila moja ikidumu kilomita 700 hivi, na mawe ya Pennsylvania yaliimaliza moja mapema, kwa hiyo usinunue zote tano mwanzoni kabla hujajua mguu wako utakuwaje mwezi wa pili.

Uzito: bila chakula, maji na gesi, lenga kilo 8. Wapo wanaoshuka chini ya kilo 4.5, lakini hilo hugharimu fedha nyingi na huhitaji uzoefu wa kujua nini cha kukosa. Anza na vitu vinne vikubwa, yaani shanta, hema, mfuko wa kulalia na godoro, kwa kuwa humo ndimo kilo zinamopungua. Mfuko wa kulalia uwe wa kufaa nyuzijoto 7 chini ya sifuri, na utazame kipimo cha starehe, si kile cha mwisho cha uvumilivu ambacho maduka hupenda kukiandika kwa herufi kubwa. Godoro litazame kipimo chake kinachoandikwa kwa herufi R. Kwa mwezi wa Aprili usishuke chini ya 4, maana baridi ya ardhini hupita mfuko wowote uliolaliwa.

Mambo mawili ambayo watu huyasahau. Chujio la maji la nyuzi zenye uwazi ndani likigandishwa hupasuka ndani bila wewe kuona, na tangu hapo halichuji tena. Usiku wa baridi lala nalo ndani ya mfuko wako. Na kati ya Jarrard Gap na Neel Gap huko Georgia, kuanzia tarehe 1 Machi hadi 1 Juni, anayelala hapo lazima awe na kopo gumu la kuhifadhia chakula lisilofunguliwa na dubu. Kipande hicho ni kifupi, unaweza kukivuka mchana bila kulala.

Kanga, dada, iache. Najua inauma.


FundiSalim_Minneapolis:

Dada, mimi si mtembezi wa milima. Ni fundi cherehani, nilijifunza kazi Mombasa, Mji wa Kale, na kwa miaka michache sasa nimekuwa nikiwashonea mabinti wa hapa mavazi ya michezo yenye stara, kwa hiyo nitajibu kwa upande wa kitambaa na mshono tu.

Vazi unalolitafuta halipo dukani kwa sababu mashati ya watembezi hukatwa mafupi na ya kubana, na yale marefu hushonwa kwa vitambaa vya mjini. Lishone. Tafuta nailoni nyembamba iliyofumwa, yenye uzito wa gramu 70 hadi 90 kwa mita ya mraba, ya rangi ya kupauka. Usimwamini muuzaji, nunua kipande kidogo, kipime kwenye mizani ya jikoni kikiwa kikavu, kitose, kikamue kwa nguvu zako zote, kipime tena, kisha kianike bafuni na uangalie saa. Kitambaa kizuri hakitaongezeka hata nusu ya uzito wake na baada ya saa moja au mbili kitakuwa kimekauka. Fanya hivyo hivyo na mtandio wako wa sasa, utaona tofauti bila kuambiwa na mtu.

Shati lifike juu kidogo ya goti, lipanuke kuelekea chini, na liwe na mipasuo pande zote mbili ili goti lipande jiwe bila kuvuta kitambaa. Suruali iliyo chini yake ndiyo inayokamilisha stara. Mshono wa bega usiuache juu ya bega. Usogeze mbele kwa sentimita nne au tano, kwa kuwa mkanda wa begi ukiukandamiza mshono kwa saa nane ngozi huchubuka. Mishono yote ndani iwe bapa, iliyokunjwa na kulazwa, pasiwe na ncha ya uzi inayokwaruza. Kiunoni usiweke lastiki nene wala fundo, maana mkanda wa kiuno wa begi utakaa papo hapo. Weka kamba bapa inayofungwa kwa mbele. Suruali, kati ya miguu, itiwe kipande cha pembe nne ili mishono minne isikutane mahali pamoja. Shingoni weka zipu fupi ya kufungulia joto, na mikono iwe na kishikizo cha kuikunjia juu ya kiwiko, ili wakati wa udhu isishuke na kulowa.

Tumia sindano nyembamba, namba 70, na uzi wa poliesta. Uzi wa pamba kwenye nailoni utaoza na kukatika mapema, na mwanamke aliye katikati ya msitu hapaswi kufumukiwa na nguo. Huyo bibi Emma uliyemtaja alijishonea mfuko wake, kwa hiyo hujaanzisha jambo jipya.


MzeeMarangu:

Binti yangu, nimebeba mizigo Kilimanjaro kwa miaka 14, kisha nikawa kiongozi wa wageni kwa miaka mingine 11. Hiyo Appalachian sijaifika, lakini begi ni begi.

Kwetu mpagazi haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20, na sisi wagumu tulikuwa tunajua kwa mkono tu, kabla ya mizani, kwamba begi la mgeni lina vitu ambavyo havitafunguliwa hadi tunarudi getini. Ukirudi kutoka majaribio yako mengine, mwaga kila kitu sakafuni utenge mafungu matatu: ulichotumia kila siku, ulichotumia mara moja, na ambacho hukukigusa. La mwisho libaki nyumbani, isipokuwa dawa, taa na koti la mvua. La kati litazame kwa ukali. Nina hakika katika zile kilo 17 utakuta nguo za mjini, kisu kikubwa na vyombo vya kupikia vya watu wawili.

Kufunga nako kuna adabu yake. Mfuko wa kulalia chini kabisa, kwa kuwa hauhitajiki hadi usiku. Chakula na vitu vizito viwekwe katikati, vikigusa mgongo, usawa wa mabega. Vikikaa mbali na mgongo vitakuvuta nyuma siku nzima na kiuno kitalia. Koti la mvua na kitafunwa juu kabisa. Mkanda wa kiuno uukaze kwanza kwenye mifupa ya nyonga, ndipo uvute ya mabegani, tena kidogo tu. Ukihisi uzito mwingi uko mabegani, umefunga vibaya au begi si la urefu wa mgongo wako.

Katika jambo moja simfuati ndugu yetu wa Kapsabet. Amesema koti la manyoya bila kuonya. Manyoya ya bata ni mepesi na yana joto kuliko kitu chochote, lakini yakilowa hujikunja kama unyoya wa kuku aliyenyeshewa, na katika ukungu wa msitu wa Machame nimeona mifuko ya kulalia iliyolowa siku ya kwanza ikakataa kukauka hadi siku ya nne. Ninyi mtakuwa kwenye unyevu miezi sita. Mimi ningekushauri koti la nyuzi bandia, hata kama litaongeza gramu 150. Na kama utachukua manyoya kwa mfuko wa kulalia, basi ndani ya shanta tandika mfuko mkubwa wa plastiki nene, uweke vyote humo na kuusokota mdomo. Lile turubai la kufunika begi kwa nje halitoshi, maji hupitia mgongoni.

Usinunue kila kitu kipya pia. Hapa Moshi vijana wetu wanajivika kutoka mitumba ya soko la Memorial, na sweta la flisi lililokwisha kuvaliwa na mtu mwingine lina joto lile lile. Fedha yako iweke kwenye viatu, mfuko wa kulalia na koti la mvua.


MamaZuhura:

Waaleikum salaam, mdogo wangu. Mimi ni Mzanzibari, muuguzi hapa Massachusetts, ninavaa hijabu, na nimetembea vipande vyote vya njia hiyo vilivyo Massachusetts, Vermont na New Hampshire kwa misimu minne. Ndugu zangu wamesema vizuri, nami nitajaza yale yanayomhusu mwanamke na yale ninayoyaona hospitalini.

Stara yako haitakuwa mzigo. Watembezi wenzako watakuwa wakinunua mikono mirefu na suruali ndefu kwa ajili ya jua na kupe, na wewe utakuwa umevaa hivyo tangu mwanzo. Kupe wa huku ndio wanaoeneza ugonjwa wa Lyme, na kuanzia Mei hadi Julai wadogo wao wanakuwa kama punje ya ulezi au wadogo zaidi, ndiyo maana Fundi amefanya vyema kutaja rangi ya kupauka, kwa kuwa juu yake utawaona wakitembea. Suruali ichomekwe ndani ya soksi. Nguo za nje, soksi na viatu vipulizwe permethrini ya asilimia 0.5 na kuachwa zikauke kabisa kabla ya kuvaliwa. Dawa hiyo ni ya kitambaa, haipakwi kwenye ngozi, na ikiwa mbichi huua paka, basi kama unaye mtoe nje ya chumba. Rudia baada ya wiki sita hivi. Kila jioni ndani ya hema jikague nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani, na chini ya mtandio, kwenye mstari wa nywele na nyuma ya masikio, kwa sababu hapo ndipo sisi tunaposahau.

Nakuomba ulishike hili hata ukisahau mengine yote: alama ya Lyme, ile duara inayopanuka, hufundishwa kwa picha za ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi uwekundu hauonekani vizuri, na inaweza kufanana na jeraha la kugongwa tu. Ukiona doa linalokua siku hadi siku, au ukipata homa na maumivu ya viungo katikati ya kiangazi, teremka mjini ukamwambie daktari waziwazi kwamba umekuwa msituni penye kupe. Mapema, ni vidonge tu.

Mtandio uwe wa kuvaa kwa kichwa moja kwa moja, bila pini. Pini moja iliyodondoka ndani ya hema ilitoboa godoro langu la hewa huko Vermont, nikalala kwenye mizizi hadi asubuhi. Mtandio wa mchana uwe mwembamba wa poliesta au merino, na ule wa safari ya Septemba chukua wa rangi ya chungwa kali, maana msimu wa uwindaji huanza na rangi hiyo wawindaji huitambua kutoka mbali.

Vibanda vya kulala vya njiani vimefungwa pande tatu tu na wa nne uko wazi, na hulalwa na yeyote anayefika, wanaume na wanawake kwa pamoja. Kwa hiyo hema lako ndilo chumba chako. Chukua lenye kuta hadi chini, hata kama turubai tupu ni jepesi zaidi.

Udhu mara tano unamaanisha miguu mibichi mara tano, na mguu mbichi ndani ya soksi ndio mama wa malengelenge na ngozi kuoza kati ya vidole. Kila mara kaa chini, kausha kidole kwa kidole, ndipo uvae soksi. Mapajani paka mafuta ya mgando kila asubuhi kabla ya kuhisi kitu, na chini ya suruali vaa taiti nyembamba za nailoni. Kwa kutawaza, kuna vifuniko vyenye tundu dogo vinavyofungwa kwenye chupa laini ya maji. Vina uzito wa gramu chache, na wasio Waislamu wengi njiani wanavitumia siku hizi. Chimba sentimita 15 hadi 20, mita 60 au zaidi kutoka kwenye maji.

Sasa kanga. Ndugu yangu wa Kapsabet, kwa heshima, hapa sikubali. Usichukue doti, chukua upande mmoja. Wangu una gramu 190 nilipoupima. Haukai mwilini ninapotembea, haulali nami, kwa hiyo ukilowa haunidhuru. Lakini nimeusalia, nimejikaushia, nimeutundika kibandani nikabadilisha nguo nyuma yake, na siku ya kufua mjini, wakati wanaume wanakaa dobi wamevaa koti la mvua tupu kwa sababu nguo zote ziko kwenye mashine, mimi nimejifunga kanga. Ukiuweka kwenye fungu la vitu vinavyoruhusiwa kulowa, sioni kosa lake.


MtembeziKapsabet:

MamaZuhura, nilikuwa mmoja wa hao waliokaa dobi na koti la mvua. Neno langu kuhusu kanga nalirudisha. Na Mzee, kuhusu manyoya umesema kweli kwamba sikuonya. Mimi mfuko wangu haukulowa hata siku moja kwa sababu ya plastiki hiyo hiyo unayoisema, lakini niliifunga kila asubuhi kana kwamba ni mtoto mchanga. Asiyeweza kuwa na uangalifu huo akiwa amechoka achukue nyuzi bandia.


BintiPangani:

Mzee Marangu, shikamoo. Dada MamaZuhura, kaka Mtembezi, Fundi Salim, ahsanteni sana. Jana usiku nilimwaga begi sakafuni kama Mzee alivyoelekeza. Fungu la vitu ambavyo sikuvigusa lilikuwa na kilo 2.6, na ndani yake kweli mlikuwa na kisu na sufuria ya pili, pamoja na dera mbili.

Nimeamua hivi: mfuko wa kulalia wa manyoya ndani ya plastiki, koti la nyuzi bandia, raba badala ya buti, hema lenye kuta, mitandio miwili ya kuvaa kwa kichwa na wa tatu wa rangi ya chungwa utakaotumwa pamoja na kifurushi cha White Mountains, na upande mmoja wa kanga. Kwa hesabu ya mizani nimefika kilo 8.4. Mwezi ujao nitarudi Zaleski siku ambayo mvua imetabiriwa, nikiwa na gari karibu, nijue kama nguo za kulalia zitabaki kavu.

Fundi, vipimo vyangu nitakutumia kesho jioni. Mimi ni mrefu wa sentimita 168. Kwa shati moja na suruali moja ninunue kitambaa mita ngapi?


FundiSalim_Minneapolis:

Kama upana wa kitambaa ni mita moja na nusu, mita tatu na nusu zinatosha kwa urefu wako. Nunua nne, na kile kitakachobaki usikitupe: kibebe kimekunjwa pamoja na sindano na uzi, ni kiraka chako cha njiani. Na unapojipima kiuno, jipime ukiwa umefunga mkanda wa begi lenye mzigo ndani, si mtupu.